Poso ya Usingizi

Kasungami, mtaa wa pembezoni katika komini ya Annexe mjini Lubumbashi, uchovu huanza usiku wa manane. Umeme uliokatika tangu jioni hurudi watu wakiwa wamelala, na taa moja ikiwaka tu ndani, mama wa nyumba huinuka. Kuna sare za shule za kupiga pasi. Kuna simu za kuchaji. Kuna maharagwe yaliyongoja umeme kwa sababu makala, yaani mkaa, yamepanda bei, na pampu ya jirani inayoweza kuvuta maji ya kisima saa hiyo tu. Kwa kuwa hakuna ajuaye umeme utakaa muda gani, hakuna athubutuye kusema "nitafanya asubuhi." Kazi ikiisha, majogoo wanawika. Mama hurudi kitandani kwa saa moja, au asirudi kabisa, kisha anatafuta ndoo.

Ukimkuta saa nne ya asubuhi kwenye meza yake ya biashara na kumuuliza habari ya mwili, atakujibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi: "Mwili inachoka tu, baba." Na hapo ndipo mkono unapokwenda kwenye pakiti ya kahawa, au kwenye kikopo cha kinywaji cha kuamsha mwili kinachouzwa pale pale kando yake.

Je, mtu wa Kasungami atapata wapi nguvu ya siku bila kuegemea kikombe? Majibu yaliyozoeleka tunayajua. Lala kwa muda wa saa nane. Kunywa maji. Tembea. Kula matunda. Yote ni kweli, na sina nia ya kuyakanusha. Lakini kila moja linamdhania mtu ambaye usiku wake ni wake, maji yake yako bombani, na sahani yake imejazwa kwa haki. Mtu huyo ni nadra katika Annexe, komini inayozizunguka zile sita nyingine za Lubumbashi na kupokea wengi wanaoshindwa na kodi za nyumba za katikati ya mji. Kwa hiyo naomba swali lisogezwe kidogo. Kabla ya kuuliza tunywe nini, tuulize katika nyumba hii nani analala, nani anakula kwanza, na nani anabeba.

Sina ugomvi na kahawa yenyewe. Robusta, inayojaza sehemu kubwa ya vikombe vya dunia, ni mzaliwa wa misitu ya bonde la Kongo. Mwanzoni mwa karne ya 20 miche yake ilipitia Ubelgiji hadi Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imeteketeza mashamba ya arabika. Wakulima wa Kalehe na kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu, wanavuna arabika yenye sifa njema. Katanga ni nchi ya shaba na mahindi, na kahawa inayofika Kasungami mara nyingi ni unga wa pakiti ndogo, unaokorogwa na sukari nyingi na kunywewa tumbo likiwa tupu. Kinachonihuzunisha ni kazi tuliyoipa: kuwa mbadala wa usingizi, mbadala wa chakula cha asubuhi, na mara nyingine mbadala wa dawa.

Tazama inavyofanya kazi. Ubongo unapotumia nishati, mabaki yake ni kemikali iitwayo adenosini. Tangu tunapoamka adenosini hujikusanya, hukaa kwenye vipokezi vyake, na kadiri inavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Usingizi ndio unaoiondoa. Kafeini ina umbo linaloiwezesha kukalia vipokezi vile vile, hivyo adenosini ipo lakini haisikiki. Kafeini haiongezi hata kijiko kimoja cha nishati mwilini. Ni kama mtu aliyeziba masikio huku mgeni akibisha hodi: mgeni hajaondoka, na mikono ikichoka kuziba, sauti yote inaingia kwa mara moja.

Tena kafeini haina haraka ya kuondoka. Kwa mtu mzima wa kawaida huchukua saa tano hivi kupungua nusu, na kwa mwanamke mwenye mimba kubwa huweza kuchukua karibu mara tatu ya muda huo. Aliyekunywa saa kumi jioni bado ana nusu yake saa tatu usiku. Mwaka 2013 watafiti wa Detroit, wakiongozwa na Christopher Drake, waliwapa watu miligramu 400 za kafeini, kiasi cha vikombe vinne, saa sita kabla ya kulala. Usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa moja. Sasa mweke hapo mama yetu, ambaye usiku wake tayari umekatwa vipande viwili na umeme. Kikombe cha leo jioni kinamnyang'anya kile kipande kidogo kilichobaki, na kesho atahitaji kikombe kikubwa zaidi. Chai nayo ina kafeini, ingawa kidogo kuliko kahawa, na huku kwetu hata watoto hupewa chai ya rangi jioni pamoja na mkate. Tukishangaa kwa nini hawalali, tuangalie vikombe vyao.

Zamu, yaani mlinzi wa usiku anayekaa kwenye geti la mwenye mali mjini, ana haki ya kutetewa hapa. Kazi yake inamdai awe macho wakati mwili wote unataka kulala, na kikombe kimoja mwanzoni mwa zamu hakina ubaya mkubwa kwake. Ubaya ni kile cha saa tisa za usiku, kwa sababu atafika nyumbani jua likichomoza akiwa bado amejaa kafeini, atalala usingizi mwepesi kati ya kelele za watoto na redio ya jirani, na saa nane mchana atakuwa amekwisha amka. Kitambaa kizito dirishani na familia inayonyamaza vitamsaidia kuliko kinywaji chochote. Kulala kidogo mchana kabla ya kwenda kazini pia kunasaidia, na hakugharimu hata faranga moja.

Lakini jambo linalonisumbua zaidi ya usingizi ni damu. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba chai ikinywewa pamoja na mlo hupunguza sana madini ya chuma ambayo mwili unayapata kutoka kwenye chakula cha mimea. Mwaka 1983 kazi nyingine ilionyesha kahawa nayo inafanya hivyo, na ikatoa jambo ambalo kila nyumba ingepaswa kulijua: kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya chakula haikuzuia chuma, ila iliyonywewa saa moja baada ya chakula ilizuia sawasawa na ile iliyonywewa pamoja nacho. Basi mwanamke anayekula bukari (ugali) na lengalenga kisha akamalizia kwa kikombe ili aondoe uzito wa macho, anajifungia mlango wa kile kile anachokitafuta. Akinywa kwanza, akangoja, ndipo akala, amejitendea wema. Ndimu iliyokamuliwa kwenye mboga, au nyanya, au kipande cha embe baada ya mlo, hufanya kinyume chake, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kukichukua chuma.

Mji huu si mgeni wa kuhesabu nguvu za watu. Pengine hakuna mji mwingine Afrika ya Kati ambako nguvu ya mwili wa mtu ilipimwa kwa makini kama hapa. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika 1910, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Wafanyakazi wa miaka ile ya mwanzo, walioletwa kutoka mbali, walikufa kwa wingi: nimonia, kuhara, chakula kibovu, baridi ya kiangazi kwenye vibanda visivyostahili binadamu. Kampuni ilijifunza kwamba mwili usiolishwa hauchimbi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imebadili siasa yake: wafanyakazi wakae na wake zao kambini, na kila wiki familia ipate poso, yaani mgao wa unga, maharagwe, karanga, samaki au nyama, mafuta ya mawese na chumvi. Watoto walilishwa kantini na kupimwa uzito. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo, aliieleza kwa maandishi mwaka 1946, na ukimsoma huoni aibu yoyote: mtoto wa leo ni mchimbaji wa kesho.

Siitamani siku ile. Nguvu iliyohesabiwa ilikuwa ni mali ya kampuni. Desemba 1941, vita vya dunia vilipoongeza kazi na kupandisha bei, wafanyakazi waligoma kudai mshahara, na tarehe 9 mwezi huo askari waliwafyatulia risasi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Makumi ya watu walikufa. Mwili ulikuwa umelishwa ili ufanye kazi, na uliposema neno lake wenyewe, ukapigwa.

Hata hivyo poso ilibaki katika kumbukumbu za mji, na Gécamines, iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, iliendelea kuwapa watu wake unga. Kisha shaba ikaporomoka, mishahara ikakawia kwa miezi mingi, na katika miaka ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Unga wa kila mwezi ukakoma. Nyumba hazikuanguka, kwa sababu wanawake waliingia sokoni: wakauza makala, mboga, samaki wa thomson, nguo za mitumba, maji baridi ya mifuko. Mzigo uliokuwa wa kampuni ukahamia begani kwa mama.

Na mzigo ulipohama, hesabu haikuhama nao. Daktari wa kampuni alijua mchimbaji anahitaji chakula kiasi gani ili afike jioni. Leo nani anajua mama wa Kasungami anahitaji nini ili afike jioni? Nani ameandika kwamba dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kwamba analibeba kichwani mara kadhaa kabla ya jua kukolea? Mwaka 2004 kilitoka kitabu Byakula, kilichohaririwa na mwanaanthropolojia Pierre Petit, juu ya namna watu wa Lubumbashi wanavyokula. Hata bila kukisoma, kila aliyekaa katika mitaa hii anajua kwamba mlo mmoja kwa siku, tena wa jioni, si habari mpya. Anajua pia nani hujipakulia mwisho.

Mlo huo mmoja wa jioni ni sehemu ya uchovu wa asubuhi. Bukari nyingi saa mbili usiku, kisha kulala. Halafu saa kumi na mbili asubuhi kuanza kazi nzito kwa chai yenye sukari. Sukari inapanda haraka, inashuka haraka, na kufikia saa nne mikono inatetemeka. Hapo kahawa huitwa kuokoa hali. Sisemi familia ipate chakula ambacho haina. Nasema kile kile kilichopo kigawanywe tofauti: kiganja cha unga kitolewe kwenye sufuria ya jioni kiwe uji wa asubuhi, na uji ule uwekwe karanga zilizosagwa. Karanga zina mafuta na protini, zinashuka taratibu tumboni, na zinalimwa Katanga kote. Unga nao uangaliwe. Mweupe sana, ule uliokobolewa hadi ukang'aa, unapendwa mezani na hautunyimi kushiba, lakini pumba iliyobaki mashineni imekwenda na sehemu kubwa ya vitamini B ambazo mwili unazitumia kugeuza chakula kuwa nguvu. Mahindi yanayosagwa mtaani bila kukobolewa yana rangi isiyopendeza sana. Yanafaa zaidi.

Kuna munkoyo. Huu ni urithi tunaoshiriki na ndugu zetu wa Zambia, na nimesikitika kuuona ukisukumwa pembeni na soda. Hupikwa uji mwepesi wa mahindi, ukipoa kiasi hutiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na ndani ya saa chache uji mzito unalegea na kuwa mtamu bila sukari kuongezwa, kwa sababu mizizi ile ina vimeng'enya vinavyovunja wanga. Ukilala usiku mmoja unachachuka. Aliyetoka kubeba maji akinywa kikombe chake amepata maji na chakula kwa pamoja, na hana kafeini ya kumfukuzia usingizi. Sharti lake ni moja na ni kubwa: maji yachemshwe, chombo kiwe safi, kwani munkoyo uliozimuliwa kwa maji ya kisima kisichofunikwa unaweza kumletea mtu kuhara, na kuhara hunyonya nguvu zaidi ya kazi yoyote. Ukikaa siku nyingi unakuwa pombe, na hapo umekuwa kitu kingine.

Kuna finkubala, viwavi wa kuliwa. Watu wa mji wanaoanza kupata pesa huwaonea haya wadudu hawa, wakawaachia wazee na wageni kutoka kijijini. Wanakosea. François Malaisse, aliyetumia miaka mingi kuchunguza msitu wa miombo wa Katanga na kuandika kitabu kizima juu ya vyakula vyake, alipima pamoja na mwenzake zaidi ya aina 20 za viwavi wanaoliwa kusini mwa Katanga, wakachapisha matokeo mwaka 1980: katika gramu 100 za viwavi waliokaushwa, zaidi ya gramu 60 kwa wastani ni protini. Nyama kavu nzuri haiwashindi. Wana chuma pia, kile ambacho damu ya mama inakililia. Kiganja cha finkubala kwenye mchuzi wa karanga na nyanya ni chakula cha mtu anayetaka kusimama siku nzima. Lakini kiwavi anaishi kwenye mti, na mti ndio makala. Kila mwaka baiskeli zilizopakiwa magunia zinatoka mbali zaidi kuja Lubumbashi, na kila mwaka finkubala nao wanatoka mbali zaidi na bei yao inapanda. Kukatika kwa umeme kunachoma msitu, na msitu ukiungua chakula cha nguvu kinaondoka. Mambo haya ni kamba moja.

Mboga za majani sitazipitia haraka kama washauri wengi wanavyofanya, maana Katanga ina shida yake. Lengalenga, sombe na matembele ni hazina, na bustani za pembezoni mwa mji zinalisha maelfu. Lakini udongo wetu umemwagiwa moshi wa tanuru na vumbi la migodi kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Kongo na Ubelgiji walichapisha uchunguzi wa mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti kwa viwango vikubwa mno, na watoto wakiwa na hali mbaya kuliko watu wazima. Kumwambia mtu ale mboga bila kumwambia hili ni kumficha nusu ya habari. Osha majani kwa maji mara kadhaa, kwa sababu vumbi linaondoka, ingawa madini yaliyokwisha ingia ndani ya jani hayaondoki. Muulize muuzaji bustani yake iko wapi. Iliyo mbali na chimbo, mbali na barabara ya malori ya madini, ni bora. Na hao wanaoitwa wawekezaji wajue kwamba vumbi lao liko kwenye sahani zetu.

Juu ya mwanga na kutembea nitasema kidogo tu. Mwanga wa jua la asubuhi huiweka sawa saa ya mwili na kusaidia usingizi kuja mapema usiku. Skrini ya simu gizani huichelewesha saa hiyo. Kutembea huamsha mwili. Wakazi wa Kasungami hawana haja ya kuhubiriwa kutembea, wanaelekea mjini kwa miguu wakati wengine wako kwenye magari wakisoma maandishi ya kuwashauri watu watembee.

Turudi kwenye damu, maana uchovu mwingine hauponywi na uji wala usingizi. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 38 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kongo, na kwa asilimia 60 ya watoto wadogo walio chini ya miaka mitano. Yaani karibu wanawake wanne kati ya kumi. Malaria huvunja chembe nyekundu, minyoo ya safura hunyonya damu matumboni, mimba zinazofuatana bila nafasi humaliza akiba ya mama, na seli mundu imo katika familia nyingi bila kutajwa. Mtu wa namna hii anapanda kilima kifupi na moyo unamwenda mbio. Anaitwa mvivu. Anajiita mvivu mwenyewe, akaongeza kahawa. Mvute chini ukingo wa jicho: ukiona pamefifia, pamekuwa peupe badala ya pekundu, mpeleke kituo cha afya apimwe damu na malaria siku hiyo hiyo. Vidonge vya chuma anavyopewa mjamzito kliniki avimeze kwa maji, asivimeze kwa chai. Na chandarua kitundikwe kila usiku, hata kiangazi baridi inapowafanya mbu wawe wachache, kwa maana homa moja ya malaria inakula nguvu ya majuma.

Sasa usingizi, ambao kwangu ndio kiini cha yote. Nyumba nyingi zimezoea kuudhani usingizi wa mama kuwa ni mali ya wote, wa kukatwa wakati wowote. Mtoto akilia, mama. Umeme ukirudi, mama. Mgonjwa, mgeni wa usiku, mbwa anayebweka, mama. Baba anajigeuza upande wa pili, na kijana wa miaka 17 mwenye mabega ya kubeba magunia analala hadi jua limwamshe. Hii si desturi ya mababu isiyoguswa; ni mazoea, na mazoea hubadilishwa na watu wanaokaa chini wakakubaliana. Ziko nyumba zinazofanya hivyo. Umeme ukirudi usiku anaamka yule ambaye ni zamu yake, wengine wanalala, na kila mwenye umri wa kushika pasi ananyoosha sare yake mwenyewe. Maji ya alfajiri yanakwenda kuchotwa na wavulana. Sijaona mwanaume aliyepungukiwa na heshima kwa sababu ya kubeba dumu.

Sokoni pia wanawake wameanza kutendeana haki hiyo bila kungoja mtu. Wale wale wanaocheza likelemba, wakizungushiana pesa kila juma, hulindiana meza: mmoja akijinyoosha kwenye mkeka nyuma ya magunia kwa dakika 20 hivi, jirani yake anauza vitu vya wote wawili na kumwamsha. Usingizi mfupi wa mchana, usiozidi nusu saa, hurudisha akili bila kuuharibu ule wa usiku. Ningependa kuona hili likifanyika wazi, kwa kujivunia, katika kila soko la Annexe. Na makanisa yetu, ambayo mikesha yao ya maombi inapendwa na akina mama kuliko wote, yangewasaidia wengi kama spika zingezimwa saa nne usiku na mikesha ikawekwa usiku ambao kesho yake si siku ya kazi.

Umeme wenyewe ni wa kudai. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kuzalisha mwaka 1930, na njia ya nyaya kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilivutwa kwa deni la taifa zima. Sehemu kubwa ya umeme unaofika Katanga inaishia migodini. Mitaa ingepewa walau ratiba inayoaminika, saa zijulikane, mama angejua kwamba leo anaweza kulala hadi asubuhi. Ratiba tu. Hiyo ingeleta nguvu zaidi Kasungami kuliko shehena nzima ya kahawa.

Ombi langu ni kwako wewe baba, na wewe kijana mkubwa wa nyumba. Umeme ukirudi usiku wa leo, amka wewe. Mwache mama alale. Asubuhi mpikie uji wenye karanga kabla ya chai, na wiki hii mtafutie nafasi apimwe damu.